Shokapu za Hilux kwenye Land Rover 109: zipime zikiwa zimebanwa

Swali: Shikamoo fundi. Nina Land Rover 109 Series III, nabebea vitunguu kutoka Mang'ola kuja Karatu. Shokapu za nyuma zimekufa. Moja imekatika jicho, nyingine imekwama haibonyei. Fundi wangu ameniletea za nyuma za Hilux, bado nzima, zina macho juu na chini kama zangu. Zikivutwa zinafika sentimita 56, wakati ile yangu iliyokatika nilipoivuta ilifika kama 52. Zikibanwa hadi mwisho zina 36. Gari likiwa tupu limesimama kwenye magurudumu yake, kutoka pini ya juu hadi pini ya chini ni sentimita 43, na kati ya mpira ulio chini ya chasisi na ekseli kuna nafasi ya sentimita 8. Fundi anasema urefu wa ziada ni faida kwa sababu gurudumu litashuka zaidi kwenye mashimo. Tundu la bushi ni dogo kuliko pini, anataka kulitoboa. Na anasema hata za Defender zingekaa. Nifunge?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wengi wananiandikia "shokapu ya gari fulani itakaa?" bila namba hata moja, nabaki kukisia. Wewe umepima, na kwa vipimo vyako naweza kukujibu moja kwa moja: usizifunge hizo. Kilichozikataa ni ile 36, wala si ile 56 mnayoiangalia wewe na fundi wako.

Twende taratibu. Gari tupu lina sentimita 43 kati ya pini na pini. Ekseli ikipanda sentimita 8 inagusa mpira wa kugotea. Kama shokapu imesimama wima, hapo imebaki na urefu wa sentimita 35. Shokapu ya Hilux inagota kwenye 36. Maana yake ekseli kabla haijafika kwenye mpira, shokapu imeshafika mwisho wake. Utasema shokapu zako hazikusimama wima, zimelala kidogo. Sawa, tuhesabu na hilo. Tuseme zimelala digrii 25. Ekseli ikipanda sentimita 8, shokapu inafupika kama sentimita 7 na robo hivi, kwa hiyo inabaki na 35.8. Bado ni pungufu ya 36.

Na hapo mpira haujabonyea. Mpira wa kugotea umewekwa ubonyee. Ukipigwa vizuri unaingia sentimita 2 hadi 3 kabla haujakataa kabisa. Ongeza hizo, halafu acha sentimita moja na nusu ya usalama, kwa sababu gurudumu moja likipanda peke yake ekseli inalala upande na shokapu ya upande ule inabanwa kuliko hesabu ya gari lililonyooka. Mwisho wa hesabu, gari lako linataka shokapu ambayo ikibanwa inafika sentimita 31, ukijibana sana 32. Ya fundi wako imezidi kwa sentimita 4 au 5.

Bado hatujapakia vitunguu. Magunia ya lumbesa yakijaa nyuma, springi zinashuka. Zikishuka sentimita 4 tu, ile nafasi yako ya 8 imebaki 4. Yaani unaondoka Mang'ola shokapu ikiwa imekaribia kugota kabla hujakutana na shimo la kwanza. Kwa gari la mzigo mimi hupima mara mbili, tupu na likiwa limepakiwa mzigo wake wa kawaida, na naomba na wewe ufanye hivyo.

Acha nikueleze kwa nini nalishikilia hili kuliko mengine yote. Shokapu haikutengenezwa kubeba uzito wa gari. Uzito unabebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kupunguza mtikisiko: ndani kuna pistoni inayopita kwenye oili kupitia vitundu vidogo na vali, na ule ugumu wa oili kupenya ndio unaogeuza mtikisiko kuwa joto. Ikigota, oili haina kazi tena. Inakuwa chuma kimoja kilichonyooka kati ya ekseli na chasisi, na kila shimo linapiga kama nyundo kwenye kishikio cha juu. Kitu kinachofuata ni lazima kivunjike. Ukiwa na bahati ni rodi inayopinda. Ukikosa bahati ni chasisi.

Niliwahi kuletewa 109 ya mradi wa maji iliyokuwa inafanya kazi za Longido, malalamiko ni "kelele nyuma". Ilikuwa imefungwa shokapu nzuri mpya za gari jingine, ndefu, rangi yake bado inang'aa. Nilipanguza tope kwenye kishikio cha juu cha kulia, nikaona mstari mwembamba wa kutu ya rangi ya chungwa umezunguka nusu ya kishikio kama mwezi mwandamo. Nikaingiza bisibisi, ikapita. Chuma kilikuwa kimeshachanika, kinashikiliwa na upande mmoja. Upande wa kushoto kishikio kilikuwa kizima lakini chasisi yenyewe imebonyea kwa ndani. Shokapu zilikuwa hazijavuja hata tone. Aliyezifunga alizipima zikiwa zimevutwa, akaona zimezidi kidogo, akaridhika. Gharama ya kukata na kuchomelea chasisi ile ilikuwa mara nyingi ya bei ya shokapu sahihi.

Sasa hoja ya fundi wako kwamba urefu wa ziada ni faida. Ina ukweli wake, na simlaumu. Shokapu fupi mno ikivutwa nayo ni hatari: gurudumu likining'inia shimoni, uzito wote wa ekseli unaning'inia kwenye jicho la shokapu, na jicho linaweza kukatika kwa namna hiyo. Lakini gurudumu halishuki kwa sababu shokapu ni ndefu. Linashuka kadiri springi inavyoruhusu, na kama gari lako bado lina ile mikanda ya kuzuia ekseli ya nyuma, linashuka hadi mkanda unapokaza. Kwa hiyo pima. Weka jeki chini ya chasisi, siyo chini ya ekseli, nyanyua hadi magurudumu yote mawili ya nyuma yaning'inie, weka stendi imara pande zote mbili, na shokapu ziwe zimetolewa. Pima tena pini hadi pini. Shokapu utakayonunua iwe ndefu kuliko hapo kwa sentimita moja au mbili ikivutwa. Ukiwa hapo chini, angalia paipu ya mpira ya breki inayoshuka kwenye ekseli. Iguse kwa kidole: ikiwa imekaza kama uzi wa gitaa, hapo ndipo kikomo chako kilipo, na ni lazima utafute paipu ndefu zaidi au urudishe mikanda. Shokapu ndefu iliyokupokonya breki haikukusaidia kitu.

Kuna ukweli mmoja wa kimaumbile ambao watu huusahau. Shokapu haiwezi kuwa fupi sana ikibanwa na ndefu sana ikivutwa, kwa sababu rodi yote lazima iingie ndani ya silinda. Ukitaka sentimita 31 ikibanwa, usitegemee kupata 60 ikivutwa, utapata kama 50 au 52 hivi. Ndiyo maana ya zamani yako ilifika 52. Walioiunda walipima gari hili hili.

Kuhusu Defender, hapo fundi wako amechanganya. Land Rover za koili, yaani springi za chuma kilichozungushwa, kuanzia One Ten ya mwaka 1983 ambayo baadaye iliitwa Defender, ni ndugu wa gari lako kwa sura tu. Chini ni kitu kingine. Shokapu zake za mbele hazina macho. Zina ncha yenye uzi wa nati juu na chini, ya juu inaingia kwenye mnara wa chuma ulio katikati ya koili. Kwenye 109 yako hakuna mnara huo, kuna pini zilizolala. Huwezi kuzifunga bila kujenga vishikio vipya, na vishikio vipya kwenye chasisi ya umri huo sivishauri kama njia nyingine ipo. Defender na Series zina jina moja kwenye boneti, lakini kwa shokapu, pikapu ya springi za vyuma bapa ni ndugu wa karibu zaidi wa gari lako kuliko Defender. Hapo fundi wako alipowaza Hilux hakupotea kabisa: ekseli moja iliyonyooka, springi za vyuma bapa, gari la kubeba mzigo. Wazo ni zuri. Kipimo ndicho kilichokataa.

Na hapo naingia kwenye jambo ambalo halionekani kwa futi, nalo ni ugumu wa shokapu yenyewe. Springi za vyuma bapa zinasuguana. Kila gari likipanda na kushuka, vile vyuma vinakwaruzana, na mkwaruzo ule peke yake unapunguza mtikisiko. Koili haina mkwaruzo wa namna hiyo, kwa hiyo gari la koili linategemea shokapu kwa kila kitu, na shokapu zake huwekewa vali za kufanya kazi hiyo yote. Ukichukua shokapu ngumu ya gari la koili ukaifunga kwenye springi za vyuma bapa zilizokwisha kuota kutu katikati, gari litakuwa kama mkokoteni.

Shokapu ina ugumu wa aina mbili, wa kubanwa na wa kuvutwa, na karibu siku zote wa kuvutwa ni mkubwa zaidi. Ishike mkononi uone: kuibana ni rahisi kuliko kuivuta. Kwenye lami hilo halikusumbui. Kwenye barabara ya mawimbi, ile iliyojikunja kama bati, linakusumbua sana. Chukua wimbi moja kila sentimita 75. Ukienda kilomita 60 kwa saa unapita mita 16 na zaidi kila sekunde, yaani gurudumu linapigwa mara 22 kwa sekunde moja. Kila pigo linalisukuma gurudumu juu, halafu linatakiwa kurudi chini kabla ya pigo linalofuata. Shokapu iliyo ngumu mno kuvutwa inalichelewesha. Halijafika chini, linapigwa tena. Linarudi nusu, linapigwa tena. Kidogo kidogo gari linajikunja kuelekea chini, hadi linatembea juu ya mpira wa kugotea, na dereva anasema springi zimelegea. Springi hazina kosa. Nimeona watu wakiongeza vyuma kwenye springi kwa tatizo hili, gari likazidi kuwa gumu, na mitikisiko ikahamia kwenye mwili hadi milango ikaanza kuachia.

Kwa hiyo ukienda dukani na kuambiwa "hizi ni za kazi nzito", uliza ni nzito kwa gari gani. Gari jepesi likifungwa shokapu ya gari zito halipati nguvu ya ziada. Linapoteza gurudumu hewani, na gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani. Tafuta iliyotengenezewa gari lenye ekseli nzima na springi za vyuma bapa, lenye uzito unaokaribiana na lako likiwa limepakiwa.

Sasa macho na bushi. Pini za Series zinatumia bushi za mpira mbili kwa kila jicho, zimechongoka kama koni, moja inaingia upande huu na nyingine upande ule, halafu washa inazibana. Shokapu nyingi za Kijapani zina mpira mmoja ulioshikana na kibomba cha chuma katikati, na boliti hupita ndani ya kibomba. Fundi wako anataka kutoboa kibomba kipitishe pini. Mkataze, kwa heshima lakini mkataze. Ukuta wa kibomba ni mwembamba. Ukiutoboa unabaki kama karatasi, na joto la kutobolea linauachanisha mpira na chuma. Njia nzuri ni kuutoa mpira wote na kibomba chake kwa kuubana kwenye vaisi, upime ndani ya jicho tupu kwa kalipa, utafute bushi za koni za Series zinazojaa hapo bila kucheza. Jicho likiwa kubwa kidogo, fundi wa mashine ya kukereza akutengenezee pete ya chuma ya kujaza nafasi. Pete ikae kwa kukaza yenyewe. Na jicho lisiwe jembamba au nene kuliko ile nafasi iliyopo kwenye pini, maana bushi zisipobanwa kiasi zitagonga, na zikibanwa mno zitachanika mwezi wa kwanza.

Hapa naomba unisikilize kama mtoto anavyomsikiliza baba yake: mtu yeyote asichomelee kitu kwenye shokapu. Wala kuhamisha jicho, wala kuongeza kipande, wala kulipasha moto jicho ili bushi itoke. Ndani kuna oili, na kwenye nyingi za sasa kuna gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa. Ukiipasha moto, sili inaungua ukiwa na bahati, na ukikosa bahati silinda inapasuka usoni mwako. Kama kuna kitu lazima kibadilike, kibadilike kwenye pini au kwenye kishikio, siyo kwenye shokapu.

Kuna watu watakwambia unyanyue kishikio cha juu sentimita 5 ili hizo za Hilux zikae. Kwenye karatasi inawezekana. Kabla hujakubali, gonga chasisi eneo hilo kwa nyundo ndogo na usikilize. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa na kutu kinatoa sauti ya kopo lenye mchanga. Kikiwa kizima, kipande kipya kishikwe na bamba pana linalosambaza nguvu, siyo kuchomelewa kitone kitone ukingoni, na tangi la mafuta na mipira ya breki viondolewe au vikingwe, betri ifunguliwe. Ukijumlisha kazi yote hiyo, kwa macho yangu haina maana wakati shokapu za Series III bado zinatengenezwa na watengenezaji wa spea hadi leo, na kutoka Karatu kwenda Arusha kuziagiza ni safari ya siku moja. Wengine watakushauri ushushe mpira wa kugotea kwa kuuwekea kipande cha mbao ili ekseli igote mapema. Hapo utakuwa umeilinda shokapu kwa kulinyima gari nafasi ya kupumua, na magunia yakishapanda utakuwa umekaa juu ya mpira safari nzima.

Ushauri wangu ni huu: agiza za 109, za nyuma, zote mbili kwa pamoja. Usifunge mpya upande mmoja na ya zamani upande wa pili, gari litavuta ukishika breki kwenye changarawe. Ukikosa kabisa, nenda dukani na vipimo vyako vimeandikwa: ikibanwa isizidi 31 au 32, ikivutwa izidi kipimo utakachopata magurudumu yakining'inia, macho pande zote mbili, na unene wa silinda usiguse springi, chasisi wala tairi. Muuzaji akuruhusu kuibana na kuivuta hapo hapo kaunta, ukipima kutoka katikati ya jicho hadi katikati ya jicho. Ikiwa ni ya gesi itakataa kubaki imebanwa, itajivuta yenyewe, mtu mmoja abane na mwingine apime. Jina la gari lililoandikwa kwenye boksi halina uzito mbele ya futi.

Siku ya kufunga, shokapu mpya huwa imelala dukani miezi mingi na hewa imeingia mahali pasipotakiwa. Isimamishe wima kama itakavyokaa kwenye gari, ibane na kuivuta taratibu mara tano au sita. Mara za kwanza utasikia sehemu inateleza bila nguvu, halafu ghafla inashika. Endelea hadi ile sehemu tupu iishe, kisha ifunge bila kuilaza tena. Zile za silinda mbili, moja ndani ya nyingine, lazima zifungwe silinda ikiwa chini na rodi juu. Ukiigeuza inavuta hewa badala ya oili, itakuwa imekufa siku ya kwanza ingawa ni mpya.

Pini za zamani zikwangue kwa brashi ya waya hadi zing'ae. Kama pini imelika upande mmoja ikawa na ukingo, bushi mpya itatafunwa, ibadilishe. Paka bushi maji ya sabuni ziingie, usipake grisi wala oili kwa sababu mpira unavimba. Kazi inayowachosha wengi ni kuibana washa ya nje hadi tundu la kota pini, ile pini nyembamba inayokunjwa ncha ili washa isitoke, lionekane. Usipige nyundo. Chukua soketi kubwa iliyo pana kuliko pini, iweke juu ya washa, bana kwa klampu kubwa inayoshika nyuma ya kishikio, kaza polepole hadi mpira uvimbe kidogo pembeni na tundu litokeze, chomeka kota pini mpya, legeza klampu. Kota pini iliyokunjuliwa na kukunjwa mara ya pili inakatika, usiirudishe. Kama umeishia kutumia bushi yenye kibomba cha chuma na boliti, ishikize kwa mkono tu kwanza, shusha gari likae kwenye magurudumu yake, ndipo ukaze. Ukikaza gari likiwa juu ya stendi, mpira unabaki umejinyonga muda wote na utachanika.

Usijipime kwa ule mtindo wa kubonyeza gari na kuliachia uhesabu linavyoruka. Kwenye springi za vyuma bapa unadanganya, mkwaruzo wa vyuma unalisimamisha gari hata kama shokapu zimekufa zote. Kipimo changu ni joto. Nenda kilomita kumi kwenye barabara mbaya, simama, pitisha mkono karibu na kila shokapu kabla hujaigusa. Zinazofanya kazi zitakuwa za moto. Iliyobaki baridi haifanyi kazi, au bushi zake zimelegea kiasi kwamba haibanwi kabisa.

Na safari ya kwanza kwenda Mang'ola, kabla hujapakia, finyanga kibonge cha udongo wa mfinyanzi kama yai la kuku, kikandamize kwenye uso wa chini wa mpira wa kugotea kila upande. Nenda tupu, rudi na mzigo, simama katikati ya njia uangalie. Kibonge kikiwa kimegandamizwa kabisa na alama ya ekseli ipo juu yake, ekseli imefika kwenye mpira kabla shokapu haijagota, na ndivyo tunavyotaka. Kikiwa bado kinene huku ulisikia mlio mkavu wa chuma kwenye mashimo, shokapu ndiyo iliyogota kwanza. Endesha polepole hadi nyumbani, zifungue, na uniandikie unene wa udongo uliobaki kila upande pamoja na kile kipimo cha magurudumu yakining'inia ambacho hukunitumia.